Aliyeanguka Raundi ya Nane

Mwezi ule filamu ya Radi ilipoingia mjini, kila aliyeketi kwenye kiti cha msusi aliketi na Radi mdomoni. Mwalimu alikuja na Radi. Muuza vitambaa alikuja na Radi. Hata bibi mmoja aliyekuja kuoshwa kichwa tu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuona ngumi isipokuwa zile za wajukuu wake wakigombania mto, alisema kijana wa watu alikulia kwenye dhiki, na kwamba yule mwanamke aliyeigiza mama yake amemliza hadi kamasi.

Radi lilikuwa jina la ulingoni. Mwenyewe alikuwa bondia aliyeshika mkanda wa ubingwa miaka na miaka, akachorwa kwenye kalenda na kwenye maboksi ya sabuni, na alipofariki kwa maradhi ya figo watu walifunga maduka wakasimama barabarani kumsindikiza. Sasa walikuwa wamemtengenezea filamu, na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

"Mimi paliponimaliza ni kule utotoni," alisema muuguzi aliyekuwa akisukwa rasta, shingo kailaza upande. "Anapobeba magunia ya mkaa na viatu vimetoboka. Ndugu yangu, nililia."

"Mwenzangu, mimi ni pale kwenye mizani," mwalimu akadakia kutoka kwenye benchi, nywele zake zimefungwa mfuko wa plastiki zikisubiri dawa iingie. "Wanapima uzito kabla ya pambano, mara lile jitu linamtukania mama yake mbele za watu. Nilitamani nipenye mle ndani nilizabe kibao mwenyewe."

"Si alilizaba? Raundi ya nane, chali."

"Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka."

Muuguzi alimtazama msusi kupitia kioo. "Dada, wewe umeshaiona?"

"Bado."

"Nenda, usikose."

"Inamisha kichwa kidogo," msusi akasema, akagawa nywele kwa mkia wa kitana, akaendelea kusuka.

Lile jitu lilikuwa mume wake. Wakati ule ule lilikuwa nyuma ya ukuta wa saluni, kwenye chumba cha pili, limeketi ukingoni mwa kitanda na kitambaa shingoni, likisubiri kulishwa uji.

Wateja walijua kwamba msusi ana mume mgonjwa. Walidhani ni kiharusi, naye hakuwasahihisha. Alihamia mtaa ule mume akiwa ameshaharibika, kwa hiyo hakukuwa na aliyemkumbuka alivyokuwa. Na zamani alikuwa mtu wa kukumbukwa. Alipakia saruji ghalani, na wapakiaji wenzake ndio waliompa jina la Gogo, kwa sababu ukimgonga hatikisiki. Alikuwa na mabega kama kabati, na kasauti kadogo ambako hakakuendana hata kidogo na mwili ule.

Msusi alimjua akiwa bado anasukia watu kibarazani kwa shangazi yake. Gogo alimleta dada yake kusukwa, akaketi kwenye ngazi kumsubiri kutwa nzima, vumbi la saruji limeganda kwenye kope, hakufungua kinywa ila mara moja alipoomba maji. Dada mtu alipomaliza na kujitazama, alimuuliza kaka yake kama amependeza. Gogo akafikiri sana. "Umefanana na mama," akasema. Basi. Msusi alilala na maneno yale. Dada yule, wifi yake wa baadaye, akaanza kuletwa kusukwa kabla nywele za mwanzo hazijachakaa, mpaka siku moja akalalamika kwamba kichwa kinamuuma na kama hawa wawili wana lao la kuzungumza wazungumze, wamwachie nywele zake.

Walioana. Mtu yule, ambaye kazi yake ya jioni ilikuwa kupiga watu, hakuweza kuchinja kuku. Siku ya kuku alitoka kwenda kutembea, akarudi aliposikia harufu ya kitunguu. Msusi aliwahi kumuuliza anapenda nini kwenye ngumi. Alisema, "Ukiwa ulingoni hakuna anayetaka uongee."

Hakuwahi kuwa bingwa na hakujifanya bingwa. Alishinda mapambano kadhaa, akashindwa mengine, mikono ikapona, akarudi ghalani. Kisha mpinzani wa Radi akaugua zikiwa zimebaki siku chache tu pambano lifanyike, tiketi zimeshauzwa. Waandaaji wakatafuta mtu mkubwa asiyeanguka upesi, ili watazamaji wasione wamepunjwa. Wakamfuata Gogo. Alikuwa anatoka kwenye mafua mazito, kifua bado kinakoroma.

"Usiende," msusi alimwambia.

"Ni Radi, mama watoto. Nikisimama naye tu inatosha."

Watoto wenyewe walikuwa mmoja, binti ambaye alikuwa hata hajaanza shule.

Siku ya kupima uzito msusi alikuwapo, amemshikia mumewe koti. Alimwona Radi kwa karibu, kijana mzuri, midomo imembabuka kwa kujinyima maji ili kilo zishuke. Gogo alipofika naye uso kwa uso, wapiga picha wakisubiri watishane, alimwambia, "Pole ndugu yangu. Kanywe maji sasa." Radi akacheka, akamgonga begani. Hakuna kilichosemwa zaidi ya hapo.

Pambano lenyewe msusi hakupenda kulisimulia. Kufikia raundi ya sita jicho moja la Gogo lilikuwa limefumba. Kocha wake alikuwa na taulo mkononi, lakini badala ya kulirusha ulingoni pambano lisimamishwe alikuwa akijifutia jasho nalo. Raundi ya nane Gogo akaanguka, kichwa kikapiga sakafu, refa akahesabu. Baada ya hesabu kwisha, umati umeshapanda juu kumbeba Radi, Gogo aliinuka mwenyewe. Aliinamia pande zote nne kwa heshima kama alivyofundishwa, akashuka kwa miguu yake. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimuuliza mkewe, "Hii ni raundi ya ngapi?" Kisha akalala, na hawakuweza kumwamsha.

Alizinduka hospitalini baada ya siku nyingi. Akarudi kazini, akawa anapakia saruji kwenye malori yasiyo yenyewe. Wakamvumilia, wakachoka. Mikono ikaanza kutetemeka, maneno yakampungua mtu ambaye tangu awali hakuwa nayo mengi. Msusi akatafuta nyumba yenye chumba cha mbele, ili afanye kazi huku akimsikia nyuma ya ukuta. Akikohoa anajua. Akianguka anajua. Zaidi ya nusu ya maisha yake ya ndoa aliishi hivyo, mikono kwenye vichwa vya watu na masikio kwenye ukuta.

Binti yao, aliyekuwa sasa karani kwenye ofisi ya maji, ndiye aliyeiona filamu kwanza, pamoja na wafanyakazi wenzake. Alikuja jioni ile wateja wameshaondoka, akaketi chini ya drai ya nywele isiyowashwa, mkoba bado begani.

"Mama, wamemfanya baba mhuni. Anatukana, anatema mate. Anapigwa watu wanashangilia. Na mimi nimekaa katikati yao."

"Uliwaambia?"

"Niwaambie nini? Niseme jamani yule ni baba yangu, mimi ndiye ninayemkata kucha?"

Msusi alikuwa akiokota nywele sakafuni. "Wanaosimulia ni watu wa Radi," alisema. "Unategemea wasimulie vipi?"

"Wewe huna hasira?"

"Sijaiona bado."

Asingeiona kabisa kama si redio. Asubuhi moja tangazo la filamu lilipita likitaja jina la Radi, na Gogo, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amesema kitu zaidi ya "ndiyo" na "baridi", akaweka kijiko chini. "Radi," akasema. "Ninapigana naye Jumamosi." Akadai viatu vyake. Kesho yake akadai tena. Siku ya tatu alikutwa amesimama mlangoni, shati kalivaa kinyume, anauliza gari la kuwapeleka ukumbini liko wapi. Msusi akaamua wampeleke kwenye filamu. Binti alisema haiwezekani, ni ukatili. Msusi alisema ukatili ni kumwacha mlangoni.

Wakaenda siku ya kazi, mchana, wakidhani watu watakuwa wachache. Hawakuwa wachache. Msusi alimketisha Gogo kiti cha pembeni, binti akakaa upande wa pili, wakamshika mikono ili isirukeruke. Filamu ilianza na mkaa na viatu vilivyotoboka, na kweli ilikuwa nzuri. Msusi mwenyewe alijikuta akimwonea huruma yule mtoto kwenye kitambaa cheupe. Gogo alitazama kwa utulivu kama mtu aliye kanisani.

Ikafika mizani. Mtu mnene aliyenyolewa kichwa, uso unang'aa mafuta, alimsogelea Radi akamtolea tusi. Ukumbi ukaguna. Binti aliinamisha uso. Gogo hakuonyesha kwamba anamjua yule mtu. Wala hakuwa na sababu ya kumjua.

Kisha likaja pambano, na hapo Gogo akachangamka. Mabega yake yalianza kucheza. Kila ngumi ya Radi ilipotua, alisema kwa kile kisauti chake, "Safi. Safi. Mpige tena." Watu wa mstari wa nyuma wakafurahi kuona mzee mgonjwa anashangilia, wakamwunga mkono. "Mpige, Radi." "Mmalize." Yule mnene akaanguka, ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi, na Gogo akapiga makofi nao kadiri mikono ilivyoweza kukutana.

Picha ikahama. Radi yuko barabarani amebebwa juu, mama yake analia dirishani, muziki unapanda. Gogo akamgeukia mkewe.

"Yule aliyeanguka ameinuka?"

"Ameinuka," msusi akasema.

"Mbona hawamwonyeshi?"

"Watamwonyesha."

Akasubiri. Aliutumia muda wote uliobaki, harusi ya Radi, magari ya Radi, ugonjwa wa Radi, akinyoosha shingo kutafuta pembeni mwa picha, akiuliza tena na tena, mpaka mtu wa mbele akageuka kuwaomba wanyamaze. Msusi akaendelea kumjibu kwa kunong'ona sikioni. Taa zilipowaka alimfunga vifungo vya koti. Kwenye ngazi za kutokea watu walikuwa wakibadilishana maoni, huyu akisema mwisho umeharakishwa, yule akisema mwigizaji wa Radi apewe tuzo, mwingine akisema kwa ujumla ni filamu ya kufundisha vijana. Wao watatu walishuka polepole ngazi moja moja, wakipisha wenye haraka.

Usiku ule binti aliandika kwenye ukurasa wa filamu mtandaoni. Hakutukana. Aliandika tu kwamba bondia anayeitwa Gogo yuko hai, hakumtukana mtu, na aliyoyasema siku ile ni pole na kanywe maji. Watu wakamcheka. Mmoja akamwambia anatafuta umaarufu kwa jina la marehemu.

Lakini Jumapili moja mchana, saluni imefungwa, mtu aligonga mlango wa nyuma. Msusi alipofungua aliona kifua, akainua macho akaona kichwa kilichonyolewa. Ilimchukua muda, kwa sababu uso huu haukuwa na mafuta wala hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba mfuko wa machungwa na hajui aanzie wapi.

"Shikamoo, mama. Mimi ni yule... mimi ndiye niliyecheza Gogo. Nilisoma aliyoandika binti yako, nikaulizia mpaka nikafika hapa."

Alikuwa fundi wa magari. Walimchukua kwenye filamu kwa ajili ya mwili, akasema, hakuwa mwigizaji. Lile tusi liliongezwa asubuhi ile ile ya kupiga picha, kwa sababu waliona watazamaji hawatakuwa na wa kumchukia. "Niliuliza kama kweli alisema hivyo," alisema. "Wakaniambia watu wa ngumi wote husema hivyo."

Msusi alimtazama. Kwa wiki kadhaa alikuwa amemuwekea mtu huyu maneno, ameyapanga vizuri. Sasa aliona kucha zake zina grisi isiyotoka, akaona maneno yale hayana pa kwenda.

"Karibu ndani," akasema. "Wewe ulikuwa kazini."

Gogo alikuwa macho. Alimtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kichwa, akadhani ni bondia mpya aliyeletwa na kocha. "Simama," akamwambia. "Nionyeshe."

Fundi akamwangalia msusi, msusi akatikisa kichwa kukubali. Basi fundi akasimama katikati ya chumba kidogo, kati ya kitanda na jiko la mafuta, akainua ngumi kama alivyofundishwa kwenye filamu. Gogo akaguna. Alijishikilia ukingo wa kitanda, akainuka, na kwa mkono uliotetemeka akamshika fundi kifundo cha mkono wa kushoto, akakipandisha mpaka kikagusa kidevu.

"Hapa," akasema. "Usikishushe. Mimi nilikishusha."

Akakishikilia pale muda mrefu. Fundi hakuthubutu kusogea. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa juu.

Baada ya siku ile akawa anakuja Jumapili nyingine. Alimenya machungwa, alimtoa Gogo juani, alirekebisha bawaba ya mlango. Siku nyingine Gogo alimwamuru apige hewa, siku nyingine hakumtambua kabisa. Mtu mmoja wa redio alipomhoji fundi kuhusu filamu, yeye alisema wazi kwamba yale maneno ya kwenye mizani ni ya kutunga na kwamba Gogo halisi ni muungwana. Mtangazaji akasema, "Haya, asante, sasa tuambie mazoezi yalikuwaje." Msusi alikuwa amepandisha sauti ya redio saluni nzima isikie. Mwalimu, aliyekuwa kitini siku ile, alisema, "Siku hizi waigizaji nao wanapenda kujikosha."

Gogo alifariki msimu wa mvua. Kifua kilimkaba siku mbili, siku ya tatu msusi alikuwa akisuka mteja, akagundua kwamba nyuma ya ukuta kumenyamaza. Alimalizia nywele aliyoishika. Akaifunga ncha, akaichovya kwenye maji ya moto isifumuke, akamwambia mteja, "Naomba uniwie radhi," akaenda ndani.

Mazishini walikuja watu wa mtaa, wapakiaji wawili wa zamani waliozeeka, wifi yake aliyelia kwa sauti, na wateja wa saluni. Habari zilikuwa zimeshasambaa kwamba marehemu ni yule wa kwenye filamu. Muuguzi alimshika msusi mikono yote miwili.

"Dada, mimi nilikaa kwenye kiti chako nikasema..."

"Hukujua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi," msusi akajibu.

Fundi wa magari alibeba jeneza mbele upande wa kulia. Huko ndiko macho yalikoelekea. Vijana waliacha njia wakatoa simu. Mwanamke mmoja aliyempakata mtoto alimnyooshea kidole fundi, akamwambia mtoto wake, "Unamwona yule? Yule ndiye Gogo." Msusi alikuwa anapita hatua chache kutoka kwake. Alisikia, akaendelea kutembea, kanga kaishikilia kidevuni. Fundi naye alisikia, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ubao.

Watu walipoondoka na vyombo vya kuazima vikarudishwa, mama na binti walibaki wakikunja nguo za marehemu. Hazikuwa nyingi. Binti alikuwa na hasira bado, lakini hasira iliyochoka.

"Mama," alisema, "kila mtu amesema lake kuhusu ile filamu. Wewe uliionaje?"

Msusi alikunja suruali, akainyoosha pindo kwa kiganja. Alifikiri kama mumewe alivyokuwa akifikiri, bila haraka.

"Nzuri," akasema. "Yule aliyecheza Radi amemweza. Radi alikuwa anacheka vile vile. Ila walimaliza mapema. Alipoanguka wakaona basi, huyu ameisha. Na sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunaanza. Unakumbuka alivyokuwa anakupeleka shule?"

"Nakumbuka kidogo."

"Alikuwa anakubeba mabegani. Mimi nawasindikiza kwa macho mpaka kona. Asubuhi nyingine anakupeleka shule siyo, ile ya ng'ambo ya barabara. Mwalimu wa kule anawarudisha. Wewe unamwambia, baba, siyo hii. Naye anasema, basi tuonyeshe njia. Mnafika mmechelewa, miguu yote vumbi."

"Walimu walikuwa wananiuliza kwa nini nachelewa," binti akasema. "Nilikuwa nawaambia tulipitia kumsalimu shangazi. Sikutaka wajue baba amesahau."

"Wala mimi hukuniambia."

"Wala wewe."

Msusi alichukua shati jingine kwenye kiti, akaliweka magotini, akaanza kulifunga vifungo kimoja kimoja kabla ya kulikunja.